Ahadi ni Deni: Tuliyoyaona katika Safari ya Matema

(Nasaha iliyotolewa kwa waumini baada ya Sala ya Ijumaa)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetutandikia ardhi tukapita katika njia zake, na akatutiishia bahari na maziwa tukavuka juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake, na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad:



Wengi wenu mnafahamu kuwa katika likizo ya Desemba iliyopita, sisi walimu watano wa madrasa tulisafiri kwenda Matema, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mmekuwa mkituuliza habari za safari ile, hasa kisa cha kuchelewa kwetu uwanja wa ndege, ambacho kimesimuliwa barazani mpaka kimetiwa chumvi. Leo tumeona tukieleze kama kilivyokuwa, kwa sababu ndani yake mna somo. Na tunakiri tangu mwanzo kwamba somo lenyewe silo tulilolitarajia. Tuliondoka uwanjani tukijiona watu tuliodhulumiwa, na tulipofika Matema tukajikuta sisi ndio wenye kudaiwa.

Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wanasema kuwa neno safari limetoka katika asili yenye maana ya kufunua, na kwamba safari imeitwa hivyo kwa kuwa inafunua tabia za watu. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar (r.a.), mtu mmoja alipomsifu mwenzake mbele yake, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye, alipojibu hapana, Umar akaona bado hajamjua. Basi sisi tulisafiri pamoja, tukafunuliwa.

KUNGOJA BILA KUAMBIWA

Muhisani mmoja, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alitukatia tiketi za ndege kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, ule ulioanza kutumika Desemba mwaka 2012. Tulikuwa tumeahidi kufika Matema siku ya Alhamisi, tufanye semina ya siku mbili kwa wanafunzi na wazazi, tutoe khutba ya Ijumaa, kisha tupumzike kidogo ufukweni. Tulimchagua mmoja wetu kuwa amiri wa safari, kama Sunna ilivyotuelekeza, na saa 11 alfajiri tukawa tumefika uwanjani.

Ndege ilikuwa iruke saa 1 asubuhi. Saa 1 ikapita. Ubao wa matangazo ukaonyesha kuwa tunaondoka kwa wakati, ilhali wakati wenyewe ulikwisha kupita. Saa 2 kipaza sauti kikasema kuna tatizo la kiufundi. Saa 3 mfanyakazi mmoja akatuambia tatizo si la ndege bali ni mawingu mazito huko Songwe. Ndugu yetu mmoja akampigia jamaa yake aliyeko Mbalizi, naye akajibu kuwa kwao jua limetoka na watu wameanika nguo. Saa 4 tukaitwa getini, tukapanga foleni, tukapanda basi la kutupeleka kwenye ndege. Basi likasimama muda mrefu juani, kisha likaturudisha tulikotoka. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Adhuhuri ilipoingia tukasali palepale uwanjani rakaa nne kamili, kwani rai ya wanazuoni wengi ni kuwa msafiri huanza kupunguza sala baada ya kuyaacha majengo ya mji wake, na sisi tulikuwa bado ndani ya mji wetu. Saa 9 alasiri ndipo tukaambiwa kuwa safari imefutwa, turudi kesho alfajiri.

Ndugu zetu, hatulitaji shirika lenyewe kwa jina, kwa sababu nasaha hii haikukusudiwa kulifedhehi. Wala hatulaumu mawingu wala ubovu wa mashine, maana hayo ni katika makadirio ya Mwenyezi Mungu, na rubani anayekataa kuruka penye hatari anahifadhi roho za watu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliifananisha safari na sehemu ya adhabu, kwa namna inavyomnyima mtu chakula, kinywaji na usingizi wake. Tunazungumzia jambo moja tu: kungojeshwa bila kuambiwa ukweli.

Pembeni yetu alikaa bwana mmoja wa Tukuyu aliyefiwa na ndugu yake. Maziko yalikuwa yamepangwa kesho yake asubuhi. Hakupiga kelele hata mara moja. Kila baada ya muda alikuwa akienda kaunta na kuuliza swali lilelile kwa upole: "Niambieni kweli, nijue kama niende Mbezi nikapande basi." Kila alipouliza aliambiwa avute subira, ndege inaondoka muda si mrefu. Lau angeambiwa saa 2 asubuhi, angewahi basi la kwenda Mbeya na angefika usiku ule. Alipoambiwa saa 9, mabasi ya kumfikisha kwa wakati yalikuwa yamekwisha kuondoka. Hatukujua kama aliwahi kumzika ndugu yake.

Tukaona pale kuwa kuchelewa peke yake kunaweza kuvumilika. Kinachomdhuru mtu ni kunyimwa habari ambayo kwayo angeamua jambo lake. Anayekungojesha kimya amechukua wakati wako, kisha amechukua na hiari yako.

Na hapo uwanjani ndipo tabia zetu zilipoanza kufunuliwa. Mmoja wetu, ambaye ni mwalimu wa somo la akhlaqi, alipandwa na ghadhabu akamkaripia binti wa kaunta mbele ya watu. Yule binti machozi yakamlengalenga, akasema: "Shekhe, na mimi sijaambiwa chochote. Nasoma ninachotumiwa." Amiri wetu akamchukua mwenzetu pembeni akamkumbusha Mungu, naye akarudi kuomba radhi. Mara nyingi hasira zetu humwangukia mnyonge aliyetumwa, na aliyemtuma akabaki hana habari.

MBELE YETU ZIWA, NYUMA YETU DENI

Siku ya Ijumaa tukarudi uwanjani alfajiri. Ndege nayo ikachelewa, tukatua Songwe karibu na saa 6 mchana. Tukakodi gari, tukapita Mbalizi na jiji la Mbeya, tukakunja Uyole kushika barabara ya kusini. Aliyepita njia ile anajua neema zake: migomba na mashamba ya chai yakiizunguka Tukuyu, Mlima Rungwe umejifunika mawingu, kisha barabara inateremka, baridi inaondoka, na joto la Kyela linakupokea pamoja na mashamba ya mpunga na mikakao. Ule mchele wa Kyela tunaougombania huku mjini, pale ndipo kwao. Kisha tukashika barabara ya lami iendayo Ipinda na Matema, ambayo urefu wake ni kama kilomita 39, na kabla ya Magharibi tukaliona ziwa.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame. Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 550, na kina chake penye kina zaidi hufika kama mita 700. Ndani yake mna mamia ya aina za samaki, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Pale Matema ufukwe ni wa mchanga, na Milima ya Livingstone imeshuka mpaka ukingoni mwa maji. Ukisimama kuelekea Kibla, ambacho kwa huko ni kaskazini kwa kuelemea kidogo mashariki, ziwa linakuwa nyuma yako na milima mkono wako wa kulia. Mahali kama hapo panafaa kwa mapumziko ya halali ya Muislamu na familia yake, wakichunga mavazi, macho na nyakati za sala.

Lakini sisi hatukupata nafasi ya kulitazama ziwa jioni ile. Tulipofika kwenye msikiti mdogo wa kitongoji tulichoahidi kwenda, tuliwakuta wazee watatu wamekaa kwenye mkeka. Walisimama, wakatupokea kwa bashasha, wakatuletea maji. Hawakuuliza kitu. Ni sisi tulioanza kueleza kwa kirefu habari za ndege, za ubao wa matangazo na basi lililoturudisha. Walitusikiliza mpaka mwisho wakitupa pole. Kisha mzee anayeuangalia msikiti ule akasema kwa sauti ya chini: "Poleni sana, wanangu. Sisi tulidhani mmepata ajali."

Ndipo tukaelewa kuwa hakuna aliyewaambia.

Siku ya Alhamisi walikuwa wamepika wali na samaki aina ya mbasa kwa ajili yetu. Watoto walivalishwa kanzu na baibui, wakasimama kando ya barabara mpaka Magharibi. Mzee yule alikwenda kwa baiskeli mpaka njia kuu mara mbili, akarudi peke yake. Chakula wakakigawa usiku. Siku ya Ijumaa wakasema huenda wageni wanakuja kwa ajili ya khutba, wakaichelewesha sala mpaka saa 8 na nusu, kisha mmoja wao akapanda mimbari akatoa khutba fupi.

Amiri alidhani katibu amepiga simu. Katibu alidhani amiri amepiga. Sisi watatu tulidhani wakubwa wetu wamemaliza jambo hilo. Simu zote 5 zilikuwa mifukoni mwetu na zilikuwa na chaji. Kutwa nzima uwanjani tulizitumia kuwaeleza jamaa na marafiki namna tunavyodhulumiwa. Hakuna hata moja iliyotumika kuwaeleza wale wanaotungoja. Yaani lile lile tulilofanyiwa na wenye ndege, sisi tuliwafanyia wenyeji wetu saa ile ile, na tulikuwa hatujui.

CHUMBA CHA MWALIMU

Laiti mambo yangeishia hapo, tungeomba radhi na kusamehewa. Lakini baada ya sala ya Ishaa yule mzee alituonyesha chumba kilichojengwa kwa matofali ubavuni mwa msikiti na kuezekwa kwa bati. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, meza, ndoo mpya, na chandarua ambacho bado kilikuwa kwenye mfuko wake wa dukani. Tukamuuliza ni cha nani. Akajibu: "Ni cha mwalimu."

Miaka miwili kabla ya hapo, ujumbe wa jumuiya yetu ulipita huko. Watu walilalamika kuwa mwalimu wao amehama na watoto hawana wa kuwafundisha. Wajumbe wakasema: andaeni mahali pa kulala, nasi baada ya Mfungo wa Ramadhani tutamleta mwalimu, In shaa Allah. Mzee aliyaandika maneno yale kwenye daftari, pamoja na siku na majina ya waliohudhuria. Tulilisoma daftari lile kwa taa. Wanakijiji wakauza sehemu ya mpunga wao, wakafyatua tofali, wakanunua bati. Ramadhani ikapita, na ya pili ikapita. Kila walipopiga simu waliambiwa wavute subira, suala lao linashughulikiwa. Ndugu zetu, maneno hayo tulikuwa tumeyasikia siku moja kabla, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege.

Wakati wa mavuno walishauriana kama waweke magunia ya mpunga ndani ya chumba kile, kwa kuwa kiko wazi. Wakakataa. Wakasema mwalimu akifika ghafla ataona hakuandaliwa.

Asubuhi yake tukawasikiliza watoto. Kama mjuavyo, madrasa zetu huwafundisha watoto Juzuu Amma kuanzia Surat an-Nas na kupanda juu. Binti mmoja, umri wake kama miaka 11, alisoma sura moja baada ya nyingine kwa matamshi mazuri, mpaka akaingia Surat Abasa. Akasoma aya chache, akanyamaza. Tukadhani amesahau, tukamtajia aya inayofuata. Akatikisa kichwa akasema: "Mwalimu aliishia hapa."

Kwa miaka miwili mtoto yule amekuwa akirudia kila siku kile alichoachiwa, asije akakipoteza, na kila siku anasimama mahali palepale. Nanyi mnajua Surat Abasa inazungumzia nini. Inamzungumzia kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume akiwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi kwa matumaini ya kusilimu kwao. Mwenyezi Mungu akamwonya Mtume wake kwa ajili ya mnyonge yule. Ikiwa Mtume alionywa kwa kumgeuzia uso mwenye kuitafuta elimu kwa muda mfupi tu, tena akiwa katika kazi ya kulingania dini, sisi tuliogeuza uso kwa miaka miwili tutasema nini?

HUKUMU YA AHADI

Turudi kwenye elimu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza ahadi, na ametuambia kuwa ahadi itaulizwa. Mtume (s.a.w.) ameihesabu kuvunja ahadi kuwa moja katika alama za mnafiki, pamoja na uongo na hiyana. Katika Surat Maryam, Nabii Ismail (a.s.) amesifiwa kabla ya sifa nyingine kwa kuwa mkweli wa ahadi. Wafasiri wamepokea kuwa aliahidiana na mtu mahali fulani, yule mtu akasahau, na Ismail akalala palepale akimngoja mpaka alipokuja kesho yake. Kuna hadithi mashuhuri ndani ya Abu Dawud inayosema kuwa Mtume wetu (s.a.w.) naye alimngoja mtu siku tatu kabla ya kupewa utume, isnadi yake wataalamu wameidhoofisha, hivyo hatuijengi hoja juu yake. Yaliyo sahihi yanatutosha.

Mafaqihi wamehitilafiana kama ahadi ya hisani inamlazimu mtu kisheria. Wengi wao wamesema kuitimiza ni jambo lililosisitizwa mno, na mwenye kuivunja bila udhuru amefanya jambo baya, ingawa kadhi hamlazimishi. Lakini kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imam Malik ni kuwa, ukimuahidi mtu naye akaingia gharama kwa sababu ya ahadi yako, basi ahadi hiyo inakulazimu. Nani kati yetu anaweza kusema kuwa watu wa kitongoji kile hawakuingia gharama? Tofali zao zimesimama na bati lao liko juu.

Kutokana na hayo, tunapenda tuusiane mambo matatu.

Kwanza, tusiifanye In shaa Allah kuwa mlango wa kutorokea. Neno hili ni adabu aliyotufundisha Mwenyezi Mungu katika Surat al-Kahf: mja anakusudia jambo kwa dhati, kisha anakiri kuwa halitakuwa ila kwa matakwa ya Mola wake. Siku hizi limegeuzwa. Fundi akisema In shaa Allah kesho, unajua kesho hatakuja. Sisi wenyewe tunawaalika watu walima saa 10 na tunaanza saa 12, na tukilaumiwa tunasema In shaa Allah tutajirekebisha. Hata asiyekuwa Muislamu amejifunza kwetu kuwa neno hili lina maana ya hapana. Je, hii si fedheha kwa jina la Mwenyezi Mungu tulitajalo ndani yake?

Pili, udhuru ukitokea, habari itangulie. Aliyezuiliwa na ugonjwa, mvua au ukosefu wa mali hana lawama kwa kuchelewa. Lawama yake ni kunyamaza. Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda Lyulilo, karibu na Matema, kwenye soko la vyungu. Vyungu vile hufinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe na huletwa kwa mitumbwi. Wanunuzi wanatoka mbali na hawana mkataba wowote mikononi. Wanakuja kwa sababu Jumamosi ni Jumamosi. Mfinyanzi asiye na ofisi wala katibu anawatimizia watu siku yao, na sisi wenye muhuri na vichwa vya barua tumeshindwa.

Tatu, ahadi ya taasisi haifi kwa kubadilika viongozi. Hili tunalisema kwa uwazi, kwani tuliporudi na kuwasilisha habari za lile daftari kwenye kamati, baadhi ya ndugu walisema kuwa ahadi ile ilitolewa na uongozi uliopita na haimo kwenye kumbukumbu. Tunawakumbusha, na tunajikumbusha nafsi zetu, jambo lililothibiti ndani ya Bukhari. Mtume (s.a.w.) alimuahidi Jabir bin Abdillah (r.a.) kumpa mali itakapofika kutoka Bahrain, akafariki kabla haijafika. Ilipofika, Abu Bakr (r.a.) akatangaza kuwa yeyote mwenye deni au ahadi kwa Mtume ajitokeze. Jabir akaja, akasimulia alivyoahidiwa, naye akapewa kamili. Hakuambiwa kuwa ahadi yake ilikuwa ya uongozi uliopita.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO HUKO ZAIDI

Yapo mambo ya historia ambayo hatuna budi kuyataja kwa haki, hata kama hayatupendezi. Katika karne ya 19, watu wa kwanza waliojulikana kwa jina la Uislamu katika sehemu ile ya ziwa walikuwa wafanyabiashara wenye uhusiano na pwani, na wengi walikuja na bunduki na minyororo. Mlozi, aliyekuwa na ngome yake karibu na Karonga upande ambao leo ni Malawi, aliwapiga Wangonde mwaka 1887, nao ni ndugu wa damu wa Wanyakyusa. Vita vyake na Waingereza viliendelea kwa vipindi mpaka aliponyongwa Desemba 1895. Aliyoyafanya hayakuwa Uislamu, lakini wenyeji wangemhukumu kwa lipi isipokuwa kwa waliyoyaona?

Wakati huohuo, mwaka 1891, wamisionari wa Kijerumani waliingia nchi ya Wanyakyusa. Walijenga shule na zahanati, na wakabaki. Hadi leo pale Matema hospitali wanayoitegemea watu ni ya Kilutheri, na Muislamu anayeugua anatibiwa humo. Sisi katika majarida yetu tunalalamika mara kwa mara kuwa wenzetu wametutangulia. Tuseme ukweli: wametutangulia kwa sababu walipoahidi kukaa, walikaa. Sisi tunakwenda kwa ndege, tunatoa semina ya siku mbili, tunapiga picha ufukweni, tunarudi. Tiketi zile za watu watano zingeweza kumlipa posho mwalimu mmoja kwa miezi kadhaa. Hatumlaumu muhisani, alitoa kwa nia njema kile alichoombwa. Sisi ndio hatukumwomba kilicho bora.

HITIMISHO

Siku ya kuondoka, yule mzee alituombea dua ya safari na akatushika mikono mmoja mmoja. Tulimwambia kuwa safari hii hatutoi ahadi mpaka tutakaporudi na mwalimu. Akacheka, akasema: "Ndaga fijo, wanangu. Lakini mkichelewa, pigeni simu."

Ndugu zetu, sisi walimu watano tulikubaliana tukiwa njiani kuwa hatutaingoja kamati. Wanne kati yetu tumejiandikisha kwenda Matema kwa zamu, kila mmoja miezi miwili, mpaka apatikane mwalimu wa kudumu. Wa tano ana mama mgonjwa, naye amechukua wanafunzi wetu wa hapa. Wa kwanza amekwisha kuondoka, kwa basi, na tulimpigia mzee simu siku ileile. Habari iliyotufikia wiki hii ni kuwa yule binti amemaliza Surat Abasa na ameanza an-Naziat.

Hatukuyasema haya ili tusifiwe. Mwenye kulipa deni lililochelewa miaka miwili hana sifa. Tumeyasema ili kila mmoja wetu akitoka hapa amtafute anayemngoja. Kuna mzazi anayengoja mwanawe aliyeahidi kwenda kumwona. Kuna kibarua anayengoja ujira wake, mke anayengoja matumizi, msikiti unaongoja mfuko wa saruji uliotajwa mbele ya watu ukapigiwa takbira. Anayeweza kutimiza leo, atimize leo. Asiyeweza, basi aende aseme ukweli, ili mwenzake ajue kama apande basi.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa kila tuliyemngojesha. Tujaalie ndimi zenye kusema kweli na mikono yenye kutimiza. Warehemu ndugu zetu walioko pembezoni ambao sauti zao hazitufikii, na wape subira isiyo na dhulma ndani yake. Mfikishe salama kila msafiri kwa watu wake, na usitujaalie kuja mbele Yako Siku ya Kiyama tukiwa tunadaiwa na wanyonge.

Wasallallahu alaa Nabiyyina Muhammad, wa alaa aalihi wasahbihi ajmain.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.